Chora mtandao wako kabla haujaanguka: ramani ya swichi na namna ya kuipata

Leo tuongee juu ya kitu chenye kinaonekana kidogo lakini kinauma sana siku kikikosekana: ramani ya mtandao. Ni ule mchoro wenye unaonyesha swichi gani imeunganishwa na swichi gani, kwa poti gani, na kable inapita wapi.

Ingia kwenye biro yoyote yenye kompyuta thelathini hivi, iwe hospitali, shirika, shule ao kampuni ndogo. Fungua kile kichumba chenye vifaa vya mtandao. Utakuta kable za bluu na za kijivu zimefungana sawa makaroni kwenye sahani. Shika moja, uliza: «Hii inaenda wapi?» Jibu lenye utapata mara nyingi ni hili: «Muulize papa fulani, yeye njo anajua yote.»

Sasa, papa fulani akipata kazi mji mwingine, ao akiugua, mtandao unabaki yatima. Umeme unakatika, unarudi, swichi moja inakataa kuwaka, watu wote wa gorofa ya pili wanakaa mikono mitupu. Hapo wanaita kijana mwenye ametoka kupata diplome ya infomatiki. Anafika na lapitopu yake, anasimama mbele ya zile kable, jasho linamtoka. Tabaka saba za OSI anazijua kwa moyo. Mahesabu ya anwani za IP anayaweza. Kile chenye hajui ni kitu kimoja tu: mbele yake kuna nini na kimeungana namna gani. Na hicho njo kitu cha kwanza chenye mwajiri anangoja kwake.

Habari njema ni hii: hata kama hakuna mtu wa kukuambia, swichi zenyewe zinajua. Kazi yako ni kuziuliza vizuri na kuchora majibu yake.

Swichi inakumbuka nini

Tuanzie chini kabisa, kusudi kila mtu atufuate, hata mwenye anasoma sheria ao uchumi.

Kila kifaa chenye kinaingia kwenye mtandao wa Etheneti kina anwani ya MAC, yenye urefu wa biti 48. Swichi haijui kitu siku inawaka. Inajifunza kwa kusikiliza. Ujumbe ukiingia kwa poti ya 3, swichi inaangalia ni anwani gani imeutuma, kisha inaandika kwenye jedwali lake: «Huyu anapatikana kwa poti ya 3.» Kesho ujumbe wa kumwendea huyo ukifika, swichi inautuma kwa poti ya 3 peke yake. Kama haijui mwenyeji wake, inautupa kwa poti zote, isipokuwa pale ulipoingilia, sawa mtu mwenye anapiga kelele uwanjani: «Fulani yuko hapa?»

Lile jedwali halikumbuki milele. Kwa desturi, anwani yenye haijasikika kwa muda wa sekunde 300 inafutwa. Tukumbuke hiyo namba ya dakika tano, ju tutaihitaji mbele.

Kuna jambo la pili lenye ni la hatari zaidi. Pakiti ya IP iko na hesabu ya maisha: kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri pakiti inakufa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Ikiingia kwenye duara, yaani swichi mbili ao tatu zenye zimeungana kwa kuzunguka, fremu ya kumtangazia kila mtu inazunguka bila kufa, tena inajizalisha kila mzunguko. Kwa sekunde chache tu mtandao wote unajaa takataka, na hakuna mwenye anaweza kutuma hata barua moja. Na kutengeneza duara ni rahisi kabisa: mtu anafagia, anaona kable imelala chini, anafikiri imetoka mahali pake, anaichomeka kwenye prizi ya ukutani. Kumbe ule upande mwingine ulikuwa tayari umechomekwa.

Dawa ya hiyo shida ilitungwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mama mmoja Mmarekani mwenye alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Protokoli yake, STP, inazifanya swichi zizungumze, zichague moja kuwa shina, kisha zifunge zile njia zenye zinazidi, mpaka mtandao ubaki sawa mti: kutoka jani moja kwenda lingine kuna njia moja tu. Njia iliyofungwa inabaki akiba. Ile ya kwanza ikikatika, akiba inafunguliwa. IEEE waliiingiza kwenye kanuni yao ya 802.1D mwaka 1990, na kwenye mwaka 2001 ikaja namna yake ya haraka zaidi, RSTP.

Kwa hiyo mtandao uko na sura mbili: kable zenye ziko, na kable zenye zinafanya kazi saa hii. Mwenye hana ramani hawezi kutofautisha.

Boston, Novemba 2002

Kuna watu watasema: «Hayo ni mambo ya vitabuni.» Basi tuende Boston, Marekani, kwenye hospitali kubwa ya kufundishia inayoitwa Beth Israel Deaconess Medical Center. Mwezi wa Novemba 2002, mtandao wa hospitali ile ulianguka, na ilichukua siku nne hivi kuusimamisha tena vizuri. Hospitali ilikuwa imezoea kufanya karibu yote kwa kompyuta: matokeo ya maabara, maagizo ya dawa, faili za wagonjwa. Ghafula wakarudi kwenye karatasi. Watu wakawa wanakimbiza matokeo kwa miguu, kutoka maabara mpaka kitandani kwa mgonjwa.

Shida ilikuwa nini? Hawakukosa pesa wala wataalamu. Mtandao ulikuwa umekua kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, swichi juu ya swichi, hospitali moja ikiungana na nyingine, bila mtu kuuchora upya mzima na kuuangalia kwa jicho moja. STP ya wakati ule ilipangwa kwa mtandao wenye swichi 7 tu kutoka pembe moja mpaka nyingine. Wao walikuwa wamevuka kipimo hicho pasipo kutambua. Siku mzigo mkubwa wa data ulipopita, swichi zikashindwa kupatana juu ya njia ipi ifungwe, duara zikatokea, mtandao ukajisonga wenyewe. Kampuni ya Cisco ilituma wataalamu na vifaa. Mkuu wa infomatiki wa hospitali, daktari John Halamka, alieleza jambo hilo hadharani kusudi hospitali zingine zijifunze.

Tuangalie somo lake. Kila kiungo kilichoongezwa, peke yake, kilikuwa na maana. Hakuna mwenye alifanya upuzi. Kosa lilikuwa kwenye umbo la vyote pamoja, na umbo halionekani ukiwa umeinama mbele ya swichi moja. Linaonekana kwenye ramani tu. Hospitali zetu pia zinaanza kuingiza faili za wagonjwa kwenye kompyuta. Ni vizuri tujifunze kwa mwingine mbele ya kujifunza kwa mgonjwa wetu.

Ramani mbili, siyo moja

Mwaka 1931, Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi, alitengeneza ramani mpya ya treni za chini ya ardhi za London. Zile za zamani zilifuata ardhi yenyewe: mistari ilipindapinda sawa mto, vituo vya katikati ya mji vimesongamana mpaka havisomeki. Beck akasema, mtu mwenye yuko chini ya ardhi hajali kama kituo kiko mashariki ao magharibi. Anataka kujua ashukie wapi na abadilishe treni wapi. Akanyoosha mistari yote, akaacha umbali wa kweli, akabakiza muungano tu. Ilichapishwa mwaka 1933, na namna ile ya kuchora imeenea dunia nzima.

Hiyo njo topolojia: nani ameungana na nani, bila kujali umbali. Mbele ya Beck, Euler alikuwa amefanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1736 juu ya madaraja saba ya mji wa Königsberg. Alitupa barabara na nyumba zote, akabaki na nukta na mistari. Leo kwa kozi ya hesabu tunaita hiyo grafu. Swichi ni nukta, kable ni mistari. Wale wenye walikuwa wanauliza kozi ya grafu itawasaidia nini maishani, jibu ni hili.

Lakini fundi naye anahitaji kujua ukuta gani atoboe. Kwa hiyo tengeneza ramani mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ya mahali: swichi iko chumba gani, kable inapita dari gani, urefu wake ni mita ngapi. Kable ya shaba yenye nyuzi za kusokotwa haipaswi kupita mita 100, kwa hiyo ule urefu si urembo. Ya pili ni ya muungano, sawa ya Beck: nukta, mistari, namba za poti. Mtu mwenye anatafuta shida anaanza na ya pili kujua ni swichi gani, kisha anachukua ya kwanza kujua ni mlango gani afungue.

Majirani wenye wanajitambulisha

Sasa twende kazini. Njia ya kwanza ni ya kusikiliza salamu.

Swichi zenye unaweza kuingia ndani na kuzipangia, nyingi zinaongea protokoli ya LLDP, yenye IEEE walitoa mwaka 2005 chini ya namba 802.1AB. Kila sekunde 30, kwa desturi, swichi inatuma kikaratasi kidogo kwa kila poti: «Mimi ni fulani, hapa ni poti yangu ya 24, maneno yangu yanadumu sekunde 120.» Jirani anakisoma, anakiweka, hakipitishi mbele. Njo maana kila swichi inajua majirani wake wa karibu peke yao. Vifaa vya Cisco viko pia na lugha yao wenyewe, CDP, yenye inatoa salamu kila sekunde 60.

Ingia kwenye swichi ya kwanza, andika amri ya kuonyesha majirani. Kwa swichi nyingi ni «show lldp neighbors». Utaona: poti yangu ya 1 inaongea na poti ya 24 ya swichi fulani. Andika kwenye kaye. Nenda kwa huyo fulani, muulize naye majirani wake. Endelea hivyo mpaka usikute jina jipya. Ni sawa kufika kijijini: unauliza nyumba ya kwanza, wanakuonyesha ya pili, ya pili inakuonyesha ya tatu, mpaka umezunguka kijiji chote.

Programu zenye zinachora zenyewe, kama LibreNMS yenye ni ya bure, zinafanya kazi ileile kwa njia ya SNMP, protokoli ya kuuliza vifaa maswali yenye imekuwako tangu mwaka 1988. Lakini mwanafunzi mwenye hajawahi kufanya kwa mkono hatajua siku ile programu inadanganya. Anza na kaye.

Kama majirani hawaongei

Kwetu, swichi nyingi ni za zamani, ao za kampuni mbalimbali, ao LLDP imezimwa. Hapo watu wengi wanakata tamaa. Usikate. Yale majedwali ya MAC yanatosha, ukijua kuyasoma. Hapa tuende polepole.

Tuseme uko na swichi tatu. S1 iko chumba cha seva, S2 iko fedha, S3 iko maktaba. Kuna seva X kwenye S1, kompyuta A na B kwa watu wa fedha, kompyuta C na D maktabani. Watu wa pale wanakuhakikishia: «Swichi zote mbili zinaenda moja kwa moja chumba cha seva.» Wewe hukatai, unaandika tu, kisha unaomba majedwali. Unapata hivi:

S1: poti ya 5 inaona X. Poti ya 1 inaona A, B, C, D.
S2: poti ya 3 inaona A. Poti ya 4 inaona B. Poti ya 23 inaona C, D. Poti ya 24 inaona X.
S3: poti ya 3 inaona C. Poti ya 4 inaona D. Poti ya 24 inaona X, A, B.

Kanuni ni moja. Fikiri kable yenye inaunganisha swichi mbili. Ukiikata, mtandao unagawanyika vipande viwili. Ile poti ya upande huu ilikuwa inaona kipande chote cha ng'ambo, na poti ya upande wa ng'ambo ilikuwa inaona kipande chote cha huku. Kwa hiyo, poti mbili zimeungana moja kwa moja kama orodha zake, ukizijumlisha, zinatoa mashini zote, na hakuna mashini yenye inaonekana kwenye orodha zote mbili. Watafiti wa Bell Labs waliandika kanuni hiyo kwa hesabu kamili mwaka 2000, lakini kama unavyoona, mtoto anaweza kuielewa.

Tujaribu. S1 poti ya 1 iko na A, B, C, D. S2 poti ya 24 iko na X. Jumla: wote watano. Wenye kurudiwa: hakuna. Sawa, hizo mbili zimeungana.

S1 poti ya 1 na S3 poti ya 24? Ya kwanza ni A, B, C, D, ya pili ni X, A, B. Jumla ni wote, lakini A na B wanaonekana pande zote mbili. Maana yake A na B wanaishi katikati ya S1 na S3. Basi S3 haiendi moja kwa moja chumba cha seva.

S2 poti ya 23 na S3 poti ya 24? C, D upande mmoja, X, A, B upande mwingine. Jumla wote, hakuna wa kurudiwa. Zimeungana.

Kumbe maktaba inapita ndani ya swichi ya fedha! Watu wa pale hawakukudanganya kwa makusudi. Siku moja fundi alikosa kable ndefu, akaunganisha kwa jirani, akaenda zake. Kuanzia pale, mama wa fedha akizima swichi yake jioni kusudi aokoe umeme, maktaba yote inakufa, na wanafunzi wanalaumu intaneti. Umegundua hiyo bila kupanda dari, kwa kalamu na kaye.

Angalisho mbili. La kwanza ni ile dakika tano: mashini yenye imekaa kimya inafutwa, na mbele ya kuomba majedwali inabidi uiamshe kila moja kwa ping, sana sana kisha umeme kukatika, maana majedwali yote yanakuwa matupu. Omba majedwali ya swichi zote kwa wakati mmoja, usiombe moja leo na nyingine kesho. La pili: ukiona poti yenye iko na anwani nyingi, lakini hakuna swichi yoyote yenye unaijua upande wa pili, kuna kitu kimejificha. Inaweza kuwa kisanduku cha Wi-Fi, inaweza kuwa swichi ndogo ya bei rahisi chini ya meza ya mtu, yenye haina akili ya kujibu maswali. Ichore kama alama ya kuuliza, kisha uende kuitafuta kwa miguu. Zile ndogo njo zinaleta duara mara nyingi, ju nyingi hazijui STP.

Sasa chora

Grafu unayo. Kuichora vizuri ni kazi nyingine. Ukitupa nukta kwenye karatasi ovyo, utarudi kwenye makaroni.

Mtandao wa ofisi ni mti, basi uchore sawa mti: ruta juu kabisa, swichi kuu chini yake, swichi za vyumba chini zaidi. Macho yatashuka yenyewe. Programu ya Graphviz, yenye ilizaliwa kwenye maabara za AT&T na ni ya bure, inakupangia yote. Wewe unaandika maneno tu, S1 -- S2, S2 -- S3, yenyewe inatafuta mahali pa kila nukta kusudi mistari isipitane sana. Wenye wanapenda kuvuta kwa mkono wachukue draw.io. Tena, kwa mashini ya zamani yenye nguvu kidogo, kreyo na mstari vinatosha.

Kwenye kila mstari andika namba za poti pande zote mbili. Ramani yenye inasema «S1 inaenda S2» bila poti ni nusu ya ramani. Andika kasi ya kiungo na kama ni shaba ao fibra. Njia yenye STP imeifunga, ichore kwa vitone, na swichi yenye ni shina, izungushie duara. Hapa kuna siri moja. Kama hakuna mtu aliyechagua shina, swichi zote ziko na namba ileile ya kipaumbele, 32768, na mwenye anwani ya MAC ndogo kuliko zote njo anakuwa shina. Inaweza kuwa kile kifaa kizee cha kwenye kona, chenye wote wamekisahau, na data ya nyumba nzima inapita kwake. Kwenye ramani utaiona mara moja. Bila ramani utasema tu kwamba mtandao ni polepole.

Usitegemee rangi peke yake. Ramani itatolewa fotokopi, na kwenye fotokopi nyekundu na kijani ni ndugu. Tumia mstari mnene, mwembamba, wa vitone. Na chini kabisa uandike tarehe na jina la mwenye alichora.

Karatasi, etiketi na ruhusa

Ramani ikishakamilika, bandika etiketi kwenye kable, pande zote mbili, na majina yaleyale ya kwenye mchoro. Kisha toa nakala ya karatasi, uifungie ndani ya kabati la vifaa. Wengine wanacheka: karatasi, miaka hii? Lakini ramani yenye iko kwenye seva, mtandao ukianguka, utaifikia na njia gani? Siku ya shida ni siku ileile yenye seva haifunguki.

Tuongee pia juu ya adabu. Ramani ya mtandao ni kama ufunguo wa nyumba. Usiibandike ukutani kwa wageni, usiiweke kwenye memwari yako na anwani zote za kweli za shirika lenye lilikupokea staji. Badilisha majina na namba. Neno la siri la SNMP, kama ni «public» sawa lilivyotoka dukani, waambie wakuu walibadilishe. Na usianze kuuliza swichi za watu bila ruhusa ya maandishi. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko na Kanuni ya mambo ya kidijitali, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya jaji, hata kama nia yako ilikuwa nzuri.

Mwisho, ramani inazeeka. Kila kable yenye inahamishwa bila kuandikwa inaifanya iwe ya uongo kidogo, na ramani ya uongo ni mbaya kuliko kukosa ramani, ju inakupeleka mlango usiofaa kwa ujasiri. Weka sheria moja na wenzako wa kazi: mwenye anagusa kable, anagusa na ramani, siku ileile.

Wenzetu, tunatafuta kazi, na mara nyingi tunaambiwa hatuna uzoefu. Uzoefu huu hauhitaji kibali cha waziri. Wiki hii, tafuta pahali penye swichi mbili ao tatu: laboratware ya chuo, sekretarieti ya parokia, sibere ya jirani. Omba ruhusa, chukua kaye, uliza majedwali, chora. Kisha uache nakala kwa mwenye nyumba. Siku wataita mtu wa kutengeneza, watamtafuta yule kijana mwenye aliwaonyesha mara ya kwanza kile chenye wako nacho. Na papa fulani, mwenye alikuwa anabeba yote kichwani, keti naye kabla hajaondoka. Mwonyeshe mchoro wako, umuulize: «Papa, hapa nimesahau nini?» Atakuonyesha kable mbili zenye hakuna swichi ingekuambia.